Kupendezesha Uwanja wa Mbele Mahali pa Jua Kali
Nakala ya mazungumzo kwa wakazi wa Sindo, Suba Kusini



Jambo la leo linaanzia mlangoni. Mtu akipita katika maboma ya Sindo mwezi wa Februari ataona uwanja uliofagiliwa ukang'aa, mwekundu au wa kijivu kulingana na udongo wa mahali, bila jani hata moja. Ni uwanja safi. Lakini akiinama aangalie pale ukuta unapokutana na ardhi, mara nyingi ataona kitu kingine: mawe ya msingi yametoka nje kama meno, na kizingiti kilichokuwa sawa na ardhi nyumba ilipojengwa sasa kinahitaji ngazi. Nyumba haikupanda. Uwanja ndio ulioshuka.

Ufagio huchukua vumbi kidogo kila asubuhi. Upepo wa ziwa huchukua jingine mchana. Kisha mvua kubwa za Machi hadi Mei zinakuja, na maji ya paa la mabati yanaanguka kwa nguvu juu ya udongo ulio wazi na kuchimba mfereji mlemle chini ya ukuta. Miaka kumi ya namna hiyo inatosha kuweka msingi uchi. Kwa hiyo kupendezesha uwanja wa mbele hapa si anasa ya watu wa mjini. Uwanja ukipambwa ipasavyo, nyumba inadumu. Ukipambwa vibaya, maji yanapotea na nyufa zinaongezeka.

Kabla ya yeyote kumlaumu bibi kwa ufagio wake, ni haki kusema kwamba alikuwa na sababu. Uwanja mtupu, ule ambao Wajaluo huuita laru, huonyesha nyoka kabla hajafika mlangoni. Nafaka huanikwa hapo, watoto hucheza hapo, wageni wa matanga huketi hapo. Uwanja usiofagiliwa ulihesabiwa kuwa dalili ya boma lililokosa mtu, na hadi leo kuna jirani atakayesema hivyo akiona nyasi. Wanaosema kila kipande kifunikwe kwa mimea hawajaishi na nyoka wala na mahindi ya kuanikwa. La busara ni kugawanya. Njia ya kutoka langoni hadi mlangoni ibaki wazi, na vilevile sehemu ya kukaa na kuanika. Kingo, miteremko na ukanda ulio chini ya paa hazihitaji ufagio, nazo ndizo zinazoliwa na maji.

Sindo si jangwa. Lodwar, kule Turkana, hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na ukanda huu wa ziwa hupata zaidi ya mara tatu ya hizo. Shida ya Sindo ni kwamba mvua huja kwa vishindo viwili, ile ndefu na ile ya mwisho wa mwaka, na katikati kuna majuma ambapo jua, upepo na mwamba hufanya kazi ya jangwa kamili. Mmea wa kupendeza mbele ya nyumba lazima uvumilie yote mawili: mafuriko ya Aprili na kiangazi cha Januari.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu picha waliyo nayo kichwani ni ya Karen au ya Kericho: nyasi fupi za kijani kutoka ukutani hadi kwenye ua. Hesabu yake ni hii. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa jua la hapa, nyasi zinaweza kuhitaji kama milimita 5 kwa siku ili zibaki kijani. Uwanja wa mita 10 kwa 10 utakunywa lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20, kila siku. Nani ataibeba? Katika boma nyingi jibu linajulikana: ni msichana kabla ya shule, au ni punda, au ni pesa za mwenye mkokoteni. Hakuna mgeni anayestahili kupokelewa kwa nyasi za bei hiyo.

Wenye fedha kuliko Sindo wamefika kwenye uamuzi uleule. Las Vegas, Marekani, ni mji uliojengwa katikati ya jangwa, na kwa miaka mingi mamlaka yake ya maji imekuwa ikiwalipa wakazi wang'oe nyasi na kuweka mawe na mimea ya ukame. Mwaka 2021 jimbo la Nevada lilipitisha sheria ya kuondoa nyasi za mapambo tu, zile za kandokando ya barabara na mbele ya ofisi ambazo hakuna mtu anayezikanyaga isipokuwa anayezikata. Kama mji wenye mabomba kila nyumba umeshindwa na nyasi, mji wa mitungi usianze.

Kitu ambacho Sindo inacho kwa wingi, tena bure, ni mawe. Na ujuzi wa kuyapanga si wa kuagizwa kutoka nje. Thimlich Ohinga, upande wa Migori, ni boma la kuta za mawe makavu yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikilia, na inaaminika kuta hizo zilianza kujengwa karne ya 16. Zina unene wa wastani wa mita 1, na mahali pengine zinapita mita 4 kwenda juu. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia. Waliojenga hawakuwa na timazi ya duka la vifaa. Walijua jiwe lipi lilale chini, lipi lifunge pengo, na vijiwe gani vidogo vikaze makubwa yasicheze. Mkazi wa Gwassi au Kaksingri anayepanga mistari ya mawe mbele ya nyumba yake anafanya kazi ambayo eneo hili limeijua kwa karne nyingi.

Mstari wa mawe una kazi mbili, kupendeza na kupunguza mwendo wa maji, na kazi ya pili ndiyo inayoamua unakaa wapi. Lazima ukae usawa kwenye mteremko, kwa maana kwamba ncha moja isiwe juu kuliko nyingine. Mstari ulioinama hugeuka mfereji na kuharibu zaidi ya kutokuwa na mstari. Kupata usawa hakuhitaji mtaalamu. Miti miwili iliyonyooka ya kama mita 2 hufungwa pamoja juu na kutanuliwa miguu, kisha mti wa tatu hufungwa katikati kwa upana, kama herufi A. Kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni. Fremu husimamishwa na kamba ikipita juu ya mti wa kati, alama inawekwa hapo; kisha miguu inabadilishana nafasi na alama ya pili inawekwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba itakapopita kila mara miguu yote miwili ikiwa usawa. Kuanzia hapo fremu hutembezwa uwanjani kama mtu anayepiga hatua, na kila mguu unapotua kijiti kinapigwa. Kazi nzima ni ya asubuhi moja, na watoto huipenda.

Jiwe la chini lizikwe theluthi moja ardhini. Mawe yakiwekwa juu tu ya ardhi, mvua ya kwanza itapita chini yake na ya pili itayabeba. Urefu wa mstari kwenda juu hauhitaji kuzidi goti. Baada ya misimu miwili, udongo uliokuwa ukienda ziwani utakuwa umejikusanya nyuma ya mawe, mweusi na laini, na hapo ndipo pa kupanda maua. Hakuna haja ya kununua udongo.

Kuhusu kokoto, tahadhari. Siku hizi kuna mtindo wa kumwaga kokoto uwanja mzima na kuacha hivyo. Kwenye picha unapendeza, lakini adhuhuri ya Februari kokoto hushika joto na kulitupa ukutani na dirishani hadi usiku. Kokoto iwekwe palipo na kazi: kwenye njia ili matope yasiingie ndani, na chini ya paa. Pale chini ya paa ndipo penye faida kubwa kuliko zote. Mtaro wa upana wa sentimita 30 na kina kama hicho, unaofuata mstari ambapo matone hudondoka, ukijazwa kokoto na kupewa mwinamo wa kuondoka nyumbani, huzuia tope kurukia ukuta na kuzuia maji kuchimba msingi. Rangi ya ukuta inadumu pia, jambo ambalo fundi wa rangi hatalisema.

Nyumba yenye gata haina hata haja ya mtaro mrefu hivyo. Paa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Mvua moja nzuri ya milimita 20 huleta lita 960 juu yake. Hata sehemu moja ya tano ikipotea kwa kumwagika na kuvukizwa, zinabaki takriban mitungi 38. Tangi likijaa, maji ya ziada yaelekezwe kwenye shimo la mti badala ya kuachwa yatafute njia yao kuelekea kwa jirani. Ugomvi mwingi wa mipaka huanza na mfereji mmoja wa mvua.

Lakini shimo hilo liwe mbali na ukuta, hasa kwa walio upande wa Lambwe na popote penye udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, mpaka mkono unaingia kwenye ufa. Maji yakituama karibu na msingi, upande mmoja wa nyumba huinuliwa kila masika na kushushwa kila kiangazi, na ukuta hupasuka kutoka kona ya dirisha. Mita 3 ni umbali wa chini kabisa. Kwa mti mkubwa, zaidi. Na maji yoyote yanayokaa juu ya ardhi kwa siku nyingi ni kitalu cha mbu. Katika kaunti inayoendelea kupambana na malaria, dimbwi la mapambo halina nafasi. Shimo lijazwe matandazo na mawe ili maji yazame ndani.

Maji ya kuoshea vyombo na nguo nayo yana kazi. Yale yasiyo na sabuni nyingi wala mafuta yanaweza kwenda kwenye mti au ua lililokwisha kushika mizizi. Yasimwagwe kwenye miche, wala juu ya mboga zinazoliwa mbichi.

Sasa mimea. Swali la kwanza Sindo halihusu uzuri wa ua. Linahusu mbuzi. Mbuzi wa jirani ataula? Mmea ukishindwa mtihani huo, fedha zimepotea. Ogaka, yaani shubiri, hufaulu vizuri: majani yake machungu hayamvutii mbuzi, huota kwenye mwamba, na maua yake mekundu au ya manjano huja wakati kila kitu kingine kimenyauka. Ikipandwa kwa vikundi vya mitano au saba nyuma ya mstari wa mawe, hupendeza kuliko ikitawanywa mmojammoja. Mkonge ni imara zaidi, lakini ncha zake ni kama sindano. Usikaribie njia ambapo watoto hukimbia. Bogenvilia huhitaji maji mwaka wa kwanza tu, kisha hutoa rangi nyingi zaidi ikinyimwa maji kuliko ikinyweshwa, jambo linaloshangaza wanaoimwagilia kila jioni na kupata majani matupu. Ikatwe mara kwa mara, la sivyo itafunga dirisha kwa miiba.

Waridi la jangwani, ambalo wauza miche sasa hulipanga kwenye vyungu kando ya barabara, ni mzaliwa wa nchi kavu za Afrika Mashariki na shina lake nene huhifadhi maji. Hufa kwa huduma nyingi mno kuliko kwa ukame. Utomvu wake ni sumu, na zamani ulitumika kwenye mishale, basi mikono ioshwe baada ya kulikata. Onyo hilo linahusu mimea mingine miwili ya hapa. Ojuok, ule mnyaa wa ua uliozunguka maboma ya zamani, ni ua bora usiohitaji maji wala waya, ila maziwa yake yakiingia jichoni huunguza vibaya. Anayeupunguza asimame upande upepo unakotoka, na afunike macho. Chamama, mti wa maua ya manjano ya tarumbeta, una sumu hasa katika mbegu zake, na haufai kabisa penye watoto wadogo.

Kuna miche inayosifiwa kwa kustahimili ukame ambayo haipaswi kuingia kabisa. Mathenge uliletwa Baringo miaka ya 1980 kwa nia njema, ili kupata kuni na kuzuia jangwa. Ulisambaa mpaka ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Wakazi walikwenda mahakamani, wakafika na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Anayeuziwa mche usiojulikana na kuambiwa kwamba hauhitaji chochote na hauliwi na chochote aulize jina lake mara mbili.

Kivuli ndicho pambo linalosahaulika. Mti mmoja upande wa magharibi wa uwanja hupoza nyumba saa tisa alasiri kuliko rangi yoyote ya paa. Teminalia, ule mti wa matawi ya ghorofa uliojaa kila mji wa Kenya, hukua haraka na una umbo zuri, lakini asili yake ni Madagaska na ndege wa hapa hawapati mengi humo. Siala ni ya nyumbani, ina maua ya manjano, na fito zake hujenga. Chwaa, yaani mkwaju, hukua taratibu, hutoa matunda, na mjukuu ndiye atakayeketi chini yake. Mwarobaini huvumilia karibu kila kitu. Mti wowote uchaguliwao, shimo lichimbwe kabla ya mvua, kina na upana wa sentimita 60, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, na upande wa chini wa mteremko uwekewe tuta dogo la nusu duara likinge maji. Kiangazi cha kwanza chupa ya plastiki yenye matundu madogo, iliyozikwa karibu na mizizi na kujazwa mara mbili tatu kwa juma, hufanya kazi kuliko ndoo nzima inayomwagwa juu na kukauka kabla ya magharibi. Mche uzungushiwe miiba, na juu ya matandazo yawekwe mawe mapana, kwa sababu kuku hawajawahi kuona matandazo wakayaacha.

Katika maboma mengi makaburi ya wazee yapo ndani ya uwanja huohuo. Kabla ya mstari wa mawe kupita karibu au shimo la mti kuchimbwa, familia ikae na kukubaliana. Mizizi ya mti mkubwa huinua saruji ya kaburi, na maneno yanayofuata hayamaliziki haraka.

Mambo madogo: rangi si lazima iwe ya duka, kwani udongo wa rangi uliosiribwa vizuri na akina mama wanaoujua una sura ambayo rangi ya kopo haina, na gharama ni siku moja ya kazi. Takataka ya plastiki isichomwe mbele ya nyumba. Omena wakianikwa juu ya vichanja vya nyavu badala ya chini, uwanja unabaki safi na omena hawana mchanga, kwa hiyo mnunuzi hapati sababu ya kushusha bei. Walio kando ya barabara wasipande miti wala kujenga ngazi za mawe kwenye hifadhi ya barabara. Waulize kwanza ofisi ya mipango, maana tingatinga halijui ua lililopandwa jana. Na walio karibu na ufuo wakumbuke mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960 na kuingia majumbani. Mti wa kudumu usipandwe mahali ambapo alama za maji ya mwaka huo bado zipo ukutani.

Mpangaji mwenye chumba kimoja mjini, ambaye uwanja wake ni hatua mbili na mfereji, ana cha kufanya pia. Mitungi miwili iliyopasuka ikikatwa juu, kutobolewa chini na kujazwa udongo na samadi, hubeba shubiri mmoja na sukuma wiki za juma. Akihama, huenda navyo.

Kazi ya mwezi huu ni mashimo na mawe, wakati ardhi iko wazi na mashamba hayajaita. Miche isubiri. Mvua kubwa ya kwanza ya Machi ikianza, asipande mtu kitu siku hiyo. Mwenye boma achukue mwavuli na fungu la vijiti, atoke nje ikiwa bado inanyesha, na kila mahali atakapoona maji yanakimbia apige kijiti, na kila mahali yanapotulia apige kingine. Mvua ikikatika, vijiti hivyo ndivyo vitakavyomwonyesha mstari wa pili wa mawe ukae wapi.